Je, Mkristu Asome Riwaya? Maneno Juu ya Vitabu Vinne



Wazazi wengi huuliza swali moja, nalo ni swali la haki: Je, yafaa kijana Mkristu asome hadithi zilizobuniwa, hasa zile zinazosimulia dhambi bila kuificha? Wako wanaojibu upesi kwamba riwaya ni uongo mtupu, tena ni kupoteza wakati. Wako na wengine wanaowaachia watoto wasome lo lote, mradi wakae kimya nyumbani. Sisi twaona kwamba majibu hayo yote mawili yana uvivu ndani yake. Anayekataza vyote hajasoma. Anayeruhusu vyote naye hajasoma.

Katika majira haya ya mvua tumesoma riwaya nne: mbili zilizoandikwa kwa Kiswahili, moja iliyofasiriwa kwa Kiswahili, na moja ya Kifaransa iliyotungwa na mwana wa nchi yetu ya Katanga. Twataka kuwaeleza tuliyoyaona ndani yake, mema na mabaya, ili kila baba na mama aweze kuamua kwa akili, wala si kwa woga.

Hadithi ya nabii Nathani

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Mfalme Daudi alipokwisha kumtwaa mke wa Uria, na kumwua Uria mwenyewe kwa hila, nabii Nathani hakumwendea na orodha ya amri. Alimsimulia habari za maskini mwenye kondoo mmoja tu, aliyenyang'anywa na tajiri mwenye makundi mengi. Daudi akawaka hasira juu ya tajiri yule. Ndipo Nathani alipomwonyesha kwamba tajiri mwenyewe ndiye mfalme. Mtasoma habari hizo katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Tajiri yule hakuwako, wala kondoo hakuwako. Lakini dhambi ya Daudi ilikuwako, na ile hadithi ndiyo iliyomfumbua macho. Basi, hiyo ndiyo kazi ya riwaya njema: kutuonyesha mtu mwingine mpaka tujione wenyewe.

Kanisa nalo limefikiri juu ya jambo hili kwa karne nyingi. Mtakatifu Basili, katika karne ya 4, aliwaandikia vijana juu ya vitabu vya wapagani, akawapa mfano wa nyuki: hatui juu ya kila ua, na katika ua analolichagua hachukui kila kitu. Baadaye, kwa muda wa miaka mia nne, palikuwa na Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa. Orodha hiyo iliondolewa nguvu ya sheria mwaka 1966. Maana yake si kwamba vitabu vyote vimekuwa vyema. Maana yake ni kwamba dhamiri ya Mkristu mwenyewe imekabidhiwa kazi ya nyuki.

Na tarehe 17 Julai 2024 Papa Fransisko, aliyefariki Aprili 2025, aliandika barua nzima juu ya faida ya kusoma riwaya na mashairi katika malezi. Alikumbusha humo jinsi alivyokuwa mwalimu wa fasihi katika chuo cha Wajezuiti huko Santa Fe, Argentina, naye akiwa na miaka 28. Wanafunzi hawakupenda kitabu cha kale walichopaswa kukisoma. Wakataka watunzi wa siku zao. Naye hakugombana nao. Aliwaachia kile cha kale wakisome nyumbani, na darasani wakazungumza juu ya vile walivyovipenda. Sisi walimu twaweza kujifunza hapo: mtoto akikwisha kuonja utamu wa kusoma, atarudi mwenyewe kwenye vitabu vigumu.

Kitabu cha kwanza: Kusadikika

Kusadikika kilitungwa na Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga mwaka 1909, karani wa serikali ya kikoloni na Mwislamu mcha Mungu. Kilitoka mwaka 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa bado chini ya Waingereza. Nchi ya Kusadikika haipo duniani, inaelea hewani. Humo yumo kijana jina lake Karama, ambaye kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria ili wanyonge wapate wa kuwatetea. Waziri Majivuno amshitaki mbele ya mfalme kama adui wa nchi. Karama, badala ya kujitetea kwa kelele, asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani pande zote kutafuta mambo ya manufaa. Kila mmoja aliona taabu, akarudi na habari njema, na kila mmoja alitupwa gerezani kwa shukrani.

Twaona mara moja kwa nini mtu aliyetawaliwa na wageni aliiweka nchi yake hewani: juu ya ardhi asingaliweza kusema. Lakini msidhani kwamba kitabu hiki kimekwisha kazi yake ukoloni ulipokwisha. Katika mji wa machimbo, ambapo mara nyingi mtu mdogo hutia kidole chake juu ya karatasi asiyoielewa, shauri la Karama ni shauri la leo. Ni wana wangapi wa parokia zetu wanaosomea sheria ili wamtetee mwenye shamba, na wangapi wanaoisomea ili wavae suti tu?

Hata hivyo twasema kweli: kitabu hiki si chepesi. Watu wake wamepewa majina ya fadhila na makosa, nao husema kama wahubiri. Hatuwaoni wakila, wakicheka, wala wakikosea kama sisi. Tena Kiswahili chake ni cha pwani, cha kiwango cha juu. Sisi wa Katanga husema masomo tukitaja nyumba ya kufundishia, na falanga tukitaja fedha. Shaaban Robert ana maneno mengine. Mwanafunzi asikate tamaa. Asome kurasa tano kwa siku, aandike maneno magumu katika daftari, na baada ya mwezi mmoja atashangaa jinsi ulimi wake ulivyonyooka.

Kitabu cha pili: Rosa Mistika

Hapa ndipo wazazi watakapotaka kutusikiliza kwa makini. Rosa Mistika ni riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe katika ziwa la Viktoria, aliyesoma katika seminari ya Nyegezi, na kufariki Januari 2020. Ilitoka mwaka 1971, nayo ikakatazwa shuleni kwa sababu ilisema waziwazi mambo ya uzinzi na ya kutoa mimba. Miaka ilipopita, watu wakaitazama upya, na wanafunzi wakaruhusiwa kuisoma.

Jina lake ni mojawapo la majina ya Mama wa Mungu katika Litania ya Loreto. Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina. Baba ni mlevi, naye ni mkali kupita kiasi. Akigundua kwamba binti yake amepata barua ya mvulana, ampiga pigo la kumwumiza, na kumwaibisha. Tangu siku ile Rosa aogopa wanaume wote. Hawajui, wala hakuna aliyemfundisha kuwajua. Aingia shule ya wasichana akiwa mpole na mtakatifu machoni pa watu. Lakini wema wake umejengwa juu ya hofu, si juu ya hiari. Akiisha kuwa mbali na mkono wa baba, wema ule wabomoka kama ukuta wa udongo katika mvua. Aanguka, aanguka tena, atoa mimba, na mwisho, anapotaka kujirudi na kuolewa kwa heshima, mwanamume amkataa kwa kuwa si bikira. Rosa ajiua.

Ni hadithi chungu. Je, imwongoze kijana katika dhambi? Sisi hatudhani hivyo. Hakuna msichana atakayeifunga riwaya hii akitamani kuwa kama Rosa. Hatari yake ni nyingine: msomaji mchanga aweza kudhani kwamba Rosa hakuwa na njia nyingine, kana kwamba baba mkali na dunia mbovu hulazimisha mtu kuanguka. Mafundisho ya Kanisa si hayo. Neema haikufa siku ile Zakaria alipoinua fimbo. Twasikitika kwamba, katika kitabu chenye jina la Bikira Maria, hatumwoni padri, sista, wala mama wa parokia mmoja aliyemshika Rosa mkono kwa wakati na kumwambia kwamba mlango wa kitubio u wazi. Lakini tena twajiuliza: Je, kosa hilo ni la mtungaji peke yake, au ni la parokia zetu alizozitazama?

Juu ya kifo cha Rosa yafaa tuseme neno. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba kujiua ni kosa zito. Lakini yaongeza kwamba huzuni kubwa na hofu kuu huweza kupunguza lawama, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua, bali tuwaombee. Mungu ana njia azijuazo Yeye. Kama katika ukoo wenu mna msiba wa namna hiyo, msifiche jina la marehemu kana kwamba hakuzaliwa. Mwombeeni Misa. Na kama yuko kijana anayesema kwamba amechoka kuishi, msimkemee. Kaeni naye, wala asiachwe peke yake.

Sasa turudi kwetu. Tenke na Fungurume si Ukerewe, lakini fedha za machimbo zimeleta vishawishi ambavyo hata Zakaria hakuvijua. Msichana wa miaka kumi na mitano hukutana njiani na mtu mwenye gari na mshahara, naye humwahidi simu na nguo. Baba asiyezungumza na binti yake ila kwa fimbo amempa mtu huyo nafasi. Maana msichana ambaye hajasikia neno jema nyumbani atalinunua kwa bei yo yote barabarani. Akina mama nao wasinyamaze kwa aibu. Regina alimpenda Rosa, lakini upendo usiosema humwacha mtoto gizani.

Basi twashauri hivi: kitabu hiki kisitiwe mikononi mwa watoto wadogo. Wenye miaka kumi na sita na kuzidi wakisome, na mzazi au mwalimu akisome kwanza. Na akina baba wakisome kuliko wote.

Kitabu cha tatu: Peponi

Tarehe 7 Oktoba 2021 tuzo ya Nobel ya fasihi ilipewa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948, ambaye lugha yake ya utotoni ni Kiswahili, ingawa vitabu vyake aliviandika kwa Kiingereza. Riwaya yake ya mwaka 1994 ilifasiriwa na Ida Hadjivayanis, nayo ikatoka Dar es Salaam mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Hivyo kitabu kimerudi kwa watu wa nchi ambamo hadithi yake yatendeka.

Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana deni kwa tajiri mmoja wa pwani, Aziz, ambaye mtoto humwita mjomba. Siku moja aambiwa kwamba atasafiri na mjomba. Hakuna anayemweleza kwamba hatarudi. Amewekwa rehani kwa ajili ya deni la baba yake. Kijana mwingine wa dukani, Khalil, aliyetolewa vilevile, ndiye amwambiaye kweli: huyu si mjomba wako. Baadaye Yusuf asafiri na msafara wa Aziz hata bara, na kuvuka ziwa kubwa, kuelekea pande zetu za Kongo. Wakati huohuo Wadachi wanaingia na bunduki zao, na dunia ya wafanya biashara inakwisha mbele ya macho yake.

Msomaji wa Biblia atatambua upesi mfano wa Yosefu mwana wa Yakobo: kijana mzuri wa uso, aliyeuzwa, mwenye ndoto, aliyeshitakiwa kwa uongo na mke wa bwana wake, vazi likiwa ndilo shahidi. Lakini kuna tofauti kubwa. Yosefu wa Maandiko hutoka gerezani akawa mwokozi wa ndugu zake. Yusuf wa Gurnah hatokewi na Farao wala na ndoto iliyofasirika. Mwisho wake waacha jeraha: hutoka utumwa wa nyumbani akawakimbilia askari wa wageni. Mkristu akisoma atajua kilichokosekana, naye atamhurumia.

Kitabu hiki hutufundisha pia historia yetu. Kiswahili tunachosema kililetwa Katanga na watu wa misafara kama ile, na watu wa Unyamwezi waliofuatana na Msiri, mfalme wa Garenganze, aliyeuawa mwaka 1891. Kisha kikaenea katika kambi za wafanya kazi wa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Lugha yetu ina utamu, lakini iliingia nchini pamoja na biashara ya pembe na ya watu. Si vibaya kujua.

Tena swali la rehani halijapita. Mwaka 2014 shirika la UNICEF lilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa Kongo. Tangu Septemba 2019 serikali imetangaza kwamba shule za msingi za umma hazilipiwi. Hata hivyo bado twaona watoto wenye magunia mgongoni saa ya darasa, wakiosha mawe ya kobalti mitoni. Baba yake Yusuf hakuwa mtu mkatili. Alikuwa na deni. Ndivyo isemavyo kila familia. Lakini mtoto si sarafu ya kulipia deni la mkubwa, hata kama hitaji ni la kweli. Jumuiya ndogo ya Kikristu inayojua kwamba mtoto wa jirani yuko shimoni, nayo yasali tu bila kuchangia daftari, haijamaliza sala yake.

Kitabu cha nne: Entre les eaux

Jina hili maana yake ni Kati ya Maji. Mtungaji ni Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 huko Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati ule. Katika ujana wake alikuwa mnovisi wa Wabenedikto. Akatoka, akawa mwalimu wa chuo kikuu na mwenye elimu aliyejulikana duniani pote, naye akafariki Marekani Aprili 2025. Riwaya hii ilitoka mwaka 1973.

Yamsimulia Pierre Landu, padri aliyesoma Roma, mwenye elimu nyingi. Aona kwamba Kanisa katika nchi yake laonekana kushikamana na wenye nguvu, naye akaenda msituni kujiunga na wapiganaji wa mapinduzi, akidhani kwamba huko ndiko atakakomkuta Kristu wa maskini. Lakini wapiganaji nao hawamwamini. Kwa askofu ni mwasi. Msituni ni padri. Kila maji yamkataa. Apita hata katika ndoa, na mwisho aingia monasteri. Mtungaji hatuambii kama amepata amani.

Sisi tuliolelewa katika seminari tulikisoma kitabu hiki polepole, maana chagusa mahali panapouma. Landu ana kosa moja kubwa: hujitazama mno. Hata awapendapo maskini, hujiangalia jinsi anavyowapenda. Elimu imemfanya awe kioo cha nafsi yake. Lakini swali lake ni la kweli, na haifai kulikwepa: Je, maskini wa nchi hii wakituona sisi Wakristu wenye vyeti, watatutambua kuwa ndugu? Maaskofu wetu wa Kongo wamesema mara nyingi kwa ujasiri juu ya haki na amani. Ni juu yetu sisi kuyafanya maneno hayo yaonekane sokoni, ofisini na kwenye lango la machimbo.

Kitabu hiki ni cha wakubwa, na cha wanafunzi wa madarasa ya mwisho wajuao Kifaransa vema.

Jinsi ya kusoma

Mji wetu ni njia panda ya reli. Tangu mwaka 1931 njia ya Dilolo, inayofika hata Lobito kwenye bahari ya Angola, hukutana hapa Tenke na njia ya Lubumbashi na Bukama. Shaba na kobalti hupita usiku na mchana. Vitabu ni haba. Kitabu kimoja husomwa na watu kumi, hata jalada likang'oka. Kwa sababu ni vichache, tuvisome vema. Twawapa maulizo matatu ya kumsaidia msomaji afungapo kitabu.

Kwanza: Je, mtungaji amesema kweli juu ya moyo wa mtu? Dhambi katika kitabu haikichafui, ikiwa yaonyeshwa kuwa dhambi na matunda yake yaonekana. Kinachochafua ni kitabu kinachoifanya dhambi kuwa mchezo.

Pili: Je, ni nani katika hadithi hii afananaye nami? Usiseme upesi kwamba wewe ni Karama. Huenda wewe ni Majivuno. Baba asiseme upesi kwamba Zakaria ni jirani yake.

Tatu: Je, tangu leo nitatenda nini? Daudi hakusifu hadithi ya Nathani, alitubu.

Na wazazi wasiojua kusoma wasijione wametengwa. Mtoto asome kwa sauti jioni, baada ya sala na chakula, na wazee wasikilize, waulize, wabishane. Twajua kwamba bibi asiyejua herufi hata moja mara nyingi humwelewa Regina kuliko mwalimu mwenye diploma. Nyumba ambamo baba na binti wamelia pamoja kwa ajili ya Rosa ni nyumba ambamo binti ataweza kusema, siku atakapoogopa, kwamba anaogopa. Kitabu kikileta hilo tu, kimelipa bei yake.